Mtaji, Tamaa na Imani: Kuutazama Upya Ubepari Kutoka Soko la Yanonge

1. Utangulizi

Katika mijadala ya darasani juu ya historia ya uchumi wa nchi zetu, hoja mbili hurudi kila mwaka. Ya kwanza husema kwamba binadamu ni mchoyo kwa asili yake, na kwa hiyo ubepari haukubuniwa na mtu yeyote. Ni tabia ya mtu iliyopewa nafasi. Ya pili husema kinyume: kwamba Mwafrika kwa asili yake ni mtu wa jamaa na wa kugawana, na kwamba ubepari ni ugonjwa ulioletwa na wageni katika mwili uliokuwa mzima. Hoja hizi hupingana kwa maneno makali, lakini zimejengwa juu ya msingi mmoja. Zote mbili hulichukua neno "asili" na kulifanya jibu, hali neno hilo ndilo lililopaswa kuulizwa.

Jambo hili si la darasani tu. Anayeamini kwamba uchoyo ni asili hatamdai hesabu mwenye kuiba, maana atasema kila mtu angefanya vivyo hivyo. Naye anayeamini kwamba wema ni asili hataweka kufuli katika sanduku la chama, maana atasema sisi ni ndugu. Katika mkoa wa Tshopo tumekwisha kulipa gharama ya imani zote mbili.

Makala hii inakusudia kulichunguza swali hilo kutoka mahali padogo. Yanonge iko ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, kama kilomita 60 chini ya Kisangani, katika teritwari ya Isangi. Mahali hapa panafaa kwa sababu tatu. Kwanza, watu wa mto huu, Walokele na jirani zao, walikuwa na masoko kabla kampuni yoyote haijafika. Pili, ubepari wa makampuni uliingia kwa sheria zilizoandikwa na kwa tarehe zinazojulikana, kwa hiyo twaweza kuona ulivyojengwa, hatua kwa hatua. Tatu, chini kidogo, ng'ambo ya mto, kuna Yangambi, ambako sayansi ya kilimo ilifanya kazi iliyobadilisha biashara ya dunia nzima.

Hoja yetu ni kwamba soko na ubepari ni vitu viwili. Tamaa, hofu, haya, fahari na imani zimo katika kila binadamu. Linalobadilika katika historia ni taratibu zinazozilisha baadhi ya hisia hizo na kuzinyima nyingine. Tutaanza na maneno, kwa kuwa lugha huhifadhi kumbukumbu ambazo watu wenyewe wamekwisha kuzisahau.

2. Maneno na kumbukumbu zake

Neno "bepari" lilikuja katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi, na maana yake ya awali ilikuwa mfanyabiashara tu. Halikuwa tusi. Ni siasa ya karne ya 20, hasa ya miaka ya 1960, iliyolitia ila na kulifanya jina la mwenye kumiliki jasho la wenzake. Neno "biashara" lilitokana na maneno mawili ya Kiarabu yaliyounganishwa, la kuuza na la kununua. Yaani lenyewe linahitaji watu wawili walio sawa katika tendo hilo. Kwa hiyo mpito kutoka "biashara" hadi "ubepari" katika lugha yetu ni mpito kutoka kwa jina la tendo la watu wawili hadi jina la mfumo.

Neno "mtaji" lina habari ya ajabu zaidi. Kwa mchuuzi ni fedha au mali ya kuanzia biashara. Kwa wachezaji wa bao wa pwani ni hatua ya mchezo ambamo mtu hula kete za mwenzake. Mchezaji asiye na mtaji hana budi kutakata, yaani kuzungusha kete zake bila kula. Hatuna haja ya kuamua hapa ni maana ipi iliyotangulia. Yatosha kuona kwamba wasemaji wa lugha hii waliweza kutumia neno moja kwa kitu kinachomwezesha mtu kufanya kazi na kwa nafasi ya kumla mwingine. Ni swali lile lile ambalo Karl Marx alilijadili kwa kurasa nyingi mwaka 1867: mtaji ni kitu, au ni uhusiano kati ya watu?

Kisha tutazame neno "tamaa". Sote twajua methali isemayo, tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini mtu aliyeshindwa kabisa husemwa amekata tamaa. Lugha inatuambia kwamba tamaa ikizidi huua, na ikikatika huua vilevile. Anayetaka kujenga uchumi usio na tamaa hana budi kutuambia atafanya nini na watu waliokata tamaa.

Mwisho kuna maneno matatu ya mzizi mmoja wa Kiarabu: amana, imani na amani. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu mwingine; imani ni hali ya moyo inayomwezesha mwenye mali kuiweka; amani ni hali ya nchi inayowezesha yote mawili. Mwenye kurudisha amana huitwa mwaminifu. Wataalamu wa uchumi wamekuja kugundua kwa taabu kwamba mkopo hauwezi kuwako pasipo kuaminiana. Mzizi huu ulikuwa umekwisha kuliweka jambo hilo mahali pamoja.

3. Soko kabla ya makampuni

Walokele ni wavuvi na wapiga makasia. Hawakuwahi kujitosheleza, na kwa hiyo walifanya biashara. Waliuza samaki, wabichi na waliokaushwa kwa moshi, wakapata ndizi, mihogo, mawese na nyama ya mwituni kutoka kwa watu wa bara, kama Waturumbu wa ukingo wa kulia na Wambole na Watopoke wa ukingo wa kushoto. Masoko yalikuwa na siku zake na mahali pake ukingoni. Habari zilipelekwa kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ambayo mmisionari John Carrington wa Yakusu aliieleza katika kitabu chake cha 1949: ngoma ile hufuata toni za lugha, hata mtu aliye mbali akaelewa maneno.

Mali nyingine haikupita katika soko la kila siku. Katika eneo hili la Maporomoko palikuwa na mabamba makubwa ya chuma yenye umbo la mkuki, mengine yenye urefu wa kimo cha mtu, yaliyojulikana kwa majina kama ngbele na liganda. Hayakununua ndizi. Yalitumika hasa katika mahari na malipo mengine makubwa kati ya jamaa na jamaa. Kwa maneno mengine, watu hawa walijua fedha, walijua bei, na walijua vilevile kwamba si kila kitu hulipwa kwa fedha ya namna moja. Marcel Mauss, katika insha yake ya 1925 juu ya zawadi, alieleza jamii nyingi za namna hii, ambazo kutoa, kupokea na kurudisha vilikuwa wajibu mmoja usiotenganishwa.

Tusifanye picha hii kuwa ya peponi. Soko lilikutanisha watu walioogopana pia. Lakini mvuvi asiye na mihogo na mkulima asiye na samaki walihitaji kurudi wiki ijayo, na haja hiyo ya kurudi ilikuwa mlinzi wa mizani.

Ndipo ulipokuja mnyororo mrefu zaidi wa biashara, nao ndio uliotuletea lugha tunayoandikia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1840 na kufariki mwaka 1905, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Alipata mali ya safari kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, hasa Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi. Vitambaa, shanga na bunduki vilikwenda bara; pembe za ndovu zilirudi pwani, zikawa vibonye vya piano na mipira ya biliadi katika nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Msomaji aangalie jinsi mnyororo huu ulivyokuwa na ncha mbili. Ncha ya Unguja ilishikwa kwa imani: tajiri alimwamini msafiri kwa miaka, akijua kwamba jina lake likiharibika hatakopa tena. Ncha ya mto ilishikwa kwa bunduki. Stanley alipoteremka mto huu mwaka 1877 aliona vijiji vyenye watu wengi. Aliporudi mwaka 1883 aliona vijiji vilivyochomwa moto na watu waliotekwa. Imani ya upande mmoja haikuzuia ukatili wa upande wa pili, iliugharimia. Tutairudia hoja hii, kwa maana inatuonya tusiseme kwamba uaminifu peke yake unatosha kuufanya uchumi uwe wa utu. Hapana budi kuuliza: uaminifu kati ya nani na nani, na nani yuko nje ya duara?

4. Ubepari ulioletwa kwa amri

Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba binadamu ana mwelekeo wa asili wa kubadilishana vitu na wenzake. Kwa Walokele alisema kweli. Kama ubepari ungekuwa ni mwelekeo huo tu, basi Dola Huru ya Kongo isingekuwa na kazi kubwa hapa. Ingalifungua duka na kungoja. Tarehe za sheria zinasema vingine.

Tarehe 1 Julai 1885 dola hiyo ilitangaza kwamba ardhi iitwayo tupu ni mali yake. Kwa watu walioacha mashamba yapumzike na waliowinda, kuvua na kukusanya matunda mwituni, karibu ardhi yote ilionekana tupu. Mwaka 1891 pembe na mpira wa mwituni vilifanywa kuwa mali ya dola, na kuviuza kwa mfanyabiashara mwingine kukawa kosa. Baada ya Ubelgiji kuichukua nchi mwaka 1908, njia zilibadilika kuliko kusudi. Mwaka 1910 kodi ya kichwa iliwekwa, ikalipwa kwa fedha, ili mtu alazimike kuitafuta fedha. Mwaka 1911 serikali ilifanya mkataba na kampuni ya Lever Brothers ya Uingereza, ikaipa maduara matano yenye nusu kipenyo cha kilomita 60 kila moja, ambamo iliweza kupata hadi hekta 750,000 za michikichi. Duara moja lilikuwa Barumbu, chini ya Isangi. Ndiko iliko Lokutu ya leo, ambayo wakoloni waliiita Elisabetha. Mwaka 1917 kilimo cha lazima kiliwekwa, na amri ya 1933 iliruhusu siku 60 kwa mwaka za kazi za lazima zilizoitwa za kufundisha watu. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikawa 120.

Ukizisoma amri hizi kwa mfululizo, jambo moja linadhihirika. Karibu kila moja inazuia mtu asiuze atakapo, asinunue kwa amtakaye, au asikatae. Mkata chikichi ndani ya duara hakuwa huru kupeleka matunda yake kwa mnunuzi mwenye bei nzuri. Watu waliojua soko kwa vizazi vingi walinyang'anywa soko kwa jina la kufundishwa biashara. Karl Polanyi alionyesha mwaka 1944, akitumia historia ya Uingereza, kwamba ardhi na kazi ya mtu hazikuzaliwa bidhaa. Zilifanywa bidhaa kwa nguvu ya dola. Alichokisema juu ya Uingereza ya miaka mingi kilitokea kwetu kwa muda mfupi zaidi, tena kwa ukali zaidi.

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba ubepari ulisimama juu ya hofu peke yake. Hofu huleta watu kazini, lakini haiwafanyi watake kurudi. Pamoja na kodi zilikuja chumvi ya dukani, nguo, taa na baiskeli, na vitu hivi vikawa fahari. Valdo Pons, aliyefanya utafiti Stanleyville mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuuchapisha mwaka 1969, aliwakuta Walokele miongoni mwa makabila yenye watu wengi mjini. Hawakufika wote kwa kufukuzwa. Wengine walivutwa na shule, mshahara na heshima mpya. Historia inayoona hofu bila kuona fahari haitaweza kueleza kwa nini mfumo uliochukiwa uliishi muda mrefu hivyo.

5. Yangambi: sayansi ndani ya historia

Mwaka 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya INEAC kwa ajili ya utafiti wa kilimo katika Kongo, na Yangambi ikawa makao yake makuu ya utafiti. Hapo, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya mchikichi. Kulikuwa na aina ya dura, yenye kokwa nene. Aina ya pisifera, isiyo na kokwa, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Na aina ya tenera, yenye kokwa nyembamba na nyama nyingi ya mafuta. Walithibitisha kwamba tenera si aina inayojitegemea, bali ni mtoto wa dura na pisifera, na kwamba urithi wa kokwa unafuata kanuni rahisi za Mendel.

Ugunduzi huo ulifungua mlango wa kuzalisha tenera kwa makusudi. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, ambayo leo hutoa sehemu kubwa kabisa ya mawese ya dunia, yamepandwa tenera. Mti ni wa Afrika, kanuni yake ilipatikana kwenye mto wetu, na kazi ya kuchavusha maua, kuhesabu matunda na kupasua kokwa ilihitaji mikono mingi ya wafanyakazi wa hapa. Vitabuni yamebaki majina mawili ya Wabelgiji.

Hatusemi haya ili kudai fidia kwa kanuni za Mendel, ambazo ni mali ya kila mtu. Twasema ili kusahihisha mazoea ya kuiona sayansi kama shahidi asiye na upande aliyesimama nje ya uchumi. Elimu haipungui ikigawanywa. Jirani akijua kanuni ya tenera mimi sipungukiwi. Lakini viwanda, bandari, mikopo na sheria zinazoigeuza elimu kuwa mali hazigawanyiki hivyo. Ndiyo maana elimu iliyozaliwa Yangambi ilinawiri zaidi mahali penye bandari na amani kuliko pale ilipozaliwa.

6. Asili ya binadamu na ushahidi wa sayansi

Turudi sasa kwenye swali la asili. Mto Kongo unatupatia somo ambalo wengi wetu tunaliishi bila kulitambua. Sokwe wa kawaida huishi upande wa kulia wa mto. Bonobo huishi upande wa kushoto tu, na katika nchi yetu peke yake duniani. Uchambuzi wa jenomu ya bonobo uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba spishi hizo mbili zinakaribiana nasi kwa kiasi kimoja: tofauti na binadamu ni kama asilimia 1.3. Lakini tabia zao hazifanani. Sokwe madume hushika utawala na huweza kuua majirani. Bonobo majike hushikamana, na makundi yao huweza kukutana bila damu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Brian Hare na Suzy Kwetuenda, katika hifadhi ya Lola ya Bonobo karibu na Kinshasa, walionyesha kwamba bonobo mwenye chakula alikubali kumfungulia mlango mwenzake wale pamoja, hali angeweza kula peke yake.

Basi anayesema "tazama wanyama, uchoyo ndio asili" atuambie kwanza anatazama ukingo upi. Binadamu hakutoka kwa sokwe wala kwa bonobo wa leo; ana babu mmoja nao wa zamani sana. Ana uwezo wa tabia za kingo zote mbili, na ana zaidi ya hapo: lugha, sheria na kumbukumbu.

Ushahidi wa pili unatoka kwa watu wenyewe. Tangu mwaka 1982 wachumi wamekuwa wakitumia jaribio rahisi. Mtu mmoja anapewa fedha na kuambiwa apendekeze fungu la mwenzake asiyemjua. Mwenzake akikubali, wagawane. Akikataa, wote wawili wakose. Nadharia ya mtu mchoyo inasema wa kwanza atatoa kidogo sana na wa pili atakubali, maana kidogo ni bora kuliko hakuna. Joseph Henrich na wenzake walilifanya jaribio hili katika jamii 15 ndogo za mabara mbalimbali, wakachapisha matokeo ya kwanza mwaka 2001. Hakuna jamii hata moja iliyofuata nadharia hiyo. Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda karibu na Ziwa Eyasi, walitoa wastani wa asilimia 27 katika kambi ndogo na 40 katika kambi kubwa. Waorma wa Kenya, wafugaji waliozoea soko, walitoa wastani wa 44, na wengi wao nusu kwa nusu. Tena, walipochezeshwa mchezo mwingine wa kuchangia mfuko wa wote, Waorma walisema mara moja kwamba huo ni harambee.

Watafiti hao walieleza tofauti kwa mambo mawili: jamii zilizozoea zaidi soko, na zile ambazo kazi yao huhitaji ushirikiano mwingi, zilielekea kutoa zaidi kwa mgeni. Idadi ya waliochezeshwa ilikuwa ndogo, na uhusiano wa namna hii haututhibitishii ni kipi kilichosababisha kipi. Lakini matokeo haya yanazitikisa hoja zote mbili tulizoanza nazo. Wanaosema uchoyo ni asili hawakuuona popote kwa sura waliyoitabiri. Wanaosema soko huua utu wanakutana na watu wa soko waliomgawia mgeni kwa haki. Na Waorma hawakutumia "asili". Walitumia desturi iliyokuwa na jina katika lugha.

Ushahidi wa tatu unahusu hisia. Antonio Damasio, katika kitabu chake cha 1994, alieleza wagonjwa waliojeruhiwa sehemu ya mbele ya ubongo. Akili yao ya kuhesabu ilibaki nzuri, lakini hisia zilipoa. Nao wakashindwa kuamua mambo ya kawaida, na mmoja wao akapoteza mali yake katika biashara mbovu. Kwa hiyo yule "mtu wa uchumi" wa vitabuni, anayepiga hesabu bila moyo, hangekuwa mfanyabiashara hodari, angekuwa mgonjwa. Smith mwenyewe alijua hili: kabla ya kitabu cha 1776 aliandika kingine, mwaka 1759, juu ya hisia za maadili na uwezo wa mtu kujiweka mahali pa mwenzake. Waliomrithi walisoma kitabu kimoja wakakisahau kingine.

7. Kubadilisha wenye mali bila kubadilisha taratibu

Afrika ya baada ya uhuru ilijaribu majibu yake. Julius Nyerere, katika maandishi yake ya 1962, aliueleza ujamaa kuwa hali ya moyo, na Azimio la Arusha la 1967 liliuita imani. Aliona sawasawa kwamba uchumi una mizizi katika hisia. Lakini kati ya 1973 na 1976 watu walipohamishiwa vijijini kwa lazima, imani iligeuka amri, na amri haikuzaa imani.

Kwetu, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wananchi. Wengi waliopewa walikuwa watu wa siasa. Maduka yakauzwa yakawa matupu, mikopo ikakatika, na mwaka 1976 serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe. Lililobadilika lilikuwa jina la mwenye mali. Utaratibu wa mali kutolewa na dola kwa mtu wake, bila hesabu kudaiwa, ulikuwa ule ule wa maduara ya 1911.

Lakini katika miaka hiyo hiyo Janet MacGaffey, aliyefanya utafiti Kisangani na kuandika mwaka 1987, aliwakuta wafanyabiashara waliojijenga pasipo cheo cha serikali, miongoni mwao wanawake, waliosafirisha samaki, mchele na maharagwe, wakawekeza faida yao katika magari, nyumba na maduka. Dola ilipokuwa imeshindwa, walitegemea jamaa, dini na neno lao.

Chombo kimoja cha watu wa namna hii ni likelemba. Pwani huitwa upatu, Kenya chama. Watu kumi hutoa kiasi kilicho sawa kila wiki, na mmoja huchukua chote kwa zamu. Kwa hesabu kavu, anayechukua wa kwanza angefaidi kutoroka. Kwa kawaida hatoroki, kwa sababu ya haya, kwa sababu mama yake anajulikana, kwa sababu wiki ijayo atakutana nao gatini. Lakini tusiimbe sifa tu: likelemba hudumu kwa kuwa na watu wachache, zamu inayojulikana na hesabu inayofanywa mbele ya wote. Penye hesabu ya siri huvunjika hata kati ya ndugu. Wema wake umejengwa, haukuota wenyewe.

Vita vilivipima vyombo hivi. Kutoka 1998 hadi mapatano ya 2003 mto ulikatwa kati ya Kisangani na Kinshasa, na tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Chakula kilifika mjini kwa baiskeli zilizosukumwa kwa mguu mamia ya kilomita, na wasukumaji waliitwa kumba-kumba. Kati ya mkulima, msukumaji na muuzaji palipita mali ya watu isiyo na risiti. Wakati huo huo almasi zilipita kwa mnyororo mwingine, wa bunduki. Ncha zile mbili za wakati wa Tippu Tip zilionekana tena mjini pamoja.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba soko lilikuwako hapa kabla ya ubepari, kwamba ubepari ulijengwa kwa amri zilizozuia soko, na kwamba sayansi haithibitishi uchoyo wala wema kuwa asili pekee ya mtu. Tumeona pia kwamba uaminifu unaweza kugharimia ukatili, iwapo wanaoumia wako nje ya duara la wanaoaminiana. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya uchumi wowote ni la vipengele vitatu: je, mtu anaweza kukataa? Je, hesabu inafanywa mbele ya wote? Je, wanaobeba gharama wamo katika duara?

Swali hili lina kazi ya leo. Amri ya mwaka 2014 iliruhusu jumuiya za wenyeji kupata msitu wao wa jumuiya, hadi hekta 50,000, na miradi ya kuuza hifadhi ya kaboni imekwisha kufika katika teritwari ya Isangi. Msitu ulioitwa ardhi tupu mwaka 1885 sasa una bei hata usipokatwa. Atakayekuja na karatasi za kutiwa saini ataleta pamoja nazo nadharia ya binadamu, aitaje au asiitaje. Ataahidi kuamsha tamaa njema, au atawasifu wenyeji kwa wema wao wa asili. Wote wawili waombwe waonyeshe daftari.

Nasi wa fani ya Kiswahili tuna fungu letu. Mikataba hiyo huandikwa kwa Kifaransa, ikaelezwa kwa Kilingala, Kilokele na Kiswahili mbele ya watu walioketi. Maneno kama dhamana, hisa, riba, fidia na ridhaa hayajapata maana moja inayokubaliwa na wasikilizaji hao wote. Ingefaa wanafunzi wa isimu wakusanye, soko kwa soko kutoka Kisangani hadi Isangi, maneno ambayo wauzaji wenyewe hutumia kwa mkopo, deni, faida na udanganyifu, pamoja na maelezo yao. Kazi hiyo inaweza kuanza kwa daftari moja na siku moja ya soko, na matokeo yake yangewafaa wanaotakiwa kutia saini kabla ya kuwafaa wanaosoma taarifa hii.